Jirani wa Juu na Kinanda Chake

Wiki iliyopita nilikuwa nakula kwenye mgahawa mmoja wa Al-Shumaisi, hapa Riyadh, televisheni ikaonyesha picha za zamani za mtunzi mashuhuri wa muziki wa filamu za Kihindi. Nilimtambua mara moja. Ndiye mzee aliyekaa kwa mwanawe, ghorofa ya juu yetu kule Jeddah, nilipokuwa msichana mdogo.

Kila alasiri alipiga kinanda chake kipande kilekile kifupi, akifika mahali fulani anarudi mwanzo. Baba alikuwa amelala, katoka zamu ya usiku bandarini. Mama, jasho likimtiririka juu ya sufuria ya pilau, aligonga dari kwa mpini wa fagio mpaka chokaa ikatudondokea.

"Panda ukamwambie halas, basi! Baba yako atakwenda kusinzia chini ya makontena."

Nilipanda. Chumba kilinukia ubani na mafuta ya nazi. Nilidhani mzee kasahau wimbo, nikamwambia kwa Kiarabu cha mtaani, "Babu, kama umesahau, acha tu. Hatutakucheka."

Alinitazama sana. "Kila wimbo wa filamu niliumaliza kwa siku moja," alisema. "Huu ni wangu mwenyewe. Mwaka wa sita sasa."

Nilimwonea huruma kwa kushindwa kiasi hicho. Leo najua alikuwa bado anautafuta. Akafunga kinanda polepole.

Niliposhuka, Baba alitoka chumbani macho mekundu.

"Nani kamnyamazisha mzee? Mimi usingizi wangu ni ule muziki!"

Mama alitupa mwiko.

"Panda tena ukamwombe apige," aliniambia, "kabla sijawahama wote wawili, yeye na baba yako."