Viti vya Pijo la Erifazi

Uzee huja na mambo yake. Wapo wanaookoka, wapo wanaooa tena. Jirani yangu Erifazi, fundi magari wa hapa Hai Mauna, aliingia mbio za magari akiwa na miaka sitini na ushei.

Yeye na mkewe Teopista walitoka Masaka zamani, wakavuka mpaka, wakaja Juba kutafuta riziki. Gari lao lilikuwa Pijo 504 kuukuu, na mtaa mzima tulilijua kwa ndani, maana ndilo lililotupeleka hospitali. Mimi nililia uchungu wa kuzaa wanangu wawili kwenye kiti chake cha nyuma. Kisha Albino, dereva mstaafu mwenye Datsun ya umri uleule, akamchokoza washindane Jumapili baada ya kanisa, kwenye barabara ya vumbi nje ya mji. Erifazi alishindwa vibaya, akarudi na vumbi hadi kwenye kope, anacheka peke yake. Sikuwahi kumwona akicheka hivyo, na mji huu hautupi sababu nyingi.

Ili gari liwe jepesi, aling'oa viti vyote isipokuwa chake. Kile cha nyuma akakiweka mbele ya gereji, wateja wakalie. Moyo wa Teopista ulikuwa mgonjwa, miguu ikimvimba. Alimwita mumewe baba wa binti yao, kama kawaida yake.

"Taata Mirembe, siku mimi iko mgonjwa, nakaa wapi?"

"Wewe hapana ugua. Nikishinda Albino mara moja tu, viti narudisha."

Ahadi ya mzee mwenye mchezo mpya! Nilimkasirikia, na bado namkasirikia.

Jumapili moja Teopista aliketi kwenye kiti kile cha gereji, pumzi zikaanza kumkatika. Nilikimbia barabarani kutafuta raksha, hizi bajaji za abiria. Zote zilizopita zilikuwa zimejaa. Ndipo nikasikia honi, ndefu, ya furaha. Erifazi alikuwa ameshinda.

Tulimpakia mkewe juu ya bati tupu. Akilazwa, pumzi zinakwama, kwa hiyo nilikaa nyuma yake nikamwegemeza kifuani. Gari liliruka kwenye kila shimo.

"Polepole, Taata Mirembe," alisema.

Erifazi akapunguza mwendo. Nikampigia kelele kwamba anatuchelewesha, akaongeza. Akapunguza tena. Hakujua afanye lipi, na mimi sikujua nimwambie lipi. Kabla ya lango la hospitali nilihisi Teopista amekuwa mzito mikononi mwangu. Sikusema neno mpaka gari liliposimama.

Jioni ile Erifazi alirudisha viti vyote. Alikaza kila nati mwenyewe, waombolezaji wakimtazama.

Kwao mtu huzikwa nyumbani, kwa hiyo asubuhi tulileta jeneza liende Masaka. Albino alikuwa amepata gari la kubeba maiti, lakini Erifazi akakataa.

"Bibi yangu haendi na gari ya mtu."

Tukafungua nyuma ya Pijo, tukasukuma. Jeneza likaingia nusu, likagota.

"Malesh, pole mzee," Albino akamwambia taratibu. "Ni kiti."

Erifazi alifungua mlango wa nyuma. Kisha akanyoosha mkono kuomba spana.