Nyama ya Mdogo Wangu Niliyoipika

Kwa kuhifadhi nyama hakuna aliyenishinda kijijini kwetu Maretadu. Unakata vipande, unayeyusha mafuta ya mkia wa kondoo, unamimina yakiwa ya moto, unafunika. Miezi inapita, unafungua, mgeni analamba vidole. Wanawake walikuja kwangu kujifunza, nami niliwafundisha kwa maringo. Ujuzi huo ndio ulioniaibisha.

Ilikuwa enzi za mashamba ya ngano ya serikali, na mume wangu aliendesha trekta kule uwanda wa Hanang. Mdogo wangu, tumbo moja, akapata uvimbe kwenye titi la kushoto, mgumu kama harage kavu. Alikuwa ananyonyesha, tukasema ni maziwa yameganda. Mtoto akaachishwa, uvimbe ukabaki. Daktari wa hospitali yetu ya huku juu akakata kipande kama ncha ya kidole, akasema kipelekwe hospitali kubwa ya mjini kikasomwe.

Nikamwuliza, "Nyama nayo inasomwa?"

"Wapo wanaojua kuisoma, mama. Ndio watakaotuambia kama titi linabaki au linaondoka."

Nesi, binti mmoja mwembamba, akakitia kipande kwenye chupa yenye dawa, akazungushia kifuniko plasta. "Mama, usiifungue. Hata kidogo."

"Mimi si mtoto," nikamjibu.

Nilijitolea kuipeleka mwenyewe kwa sababu malori ya ngano yalikuwa yanakwenda mjini, na mke wa dereva wa trekta hakosi nafasi. Mvua ikatukuta njiani. Lori likazama kwenye udongo mweusi wa uwanda, likakaa siku tatu. Wafugaji wa jirani wakatupokea kwenye boma lao, wakatupa maziwa na mahali pa kulala.

Mama mwenye boma, mtu mzima sana, aliniona ninavyoikumbatia ile chupa. "Umebeba nini hivyo, kama mtoto mchanga?"

"Titi la mdogo wangu."

Wanawake wakacheka, wakadhani natania. Mimi kusikia nachekwa sijawahi kuvumilia. Nikabandua plasta, nikafungua. Harufu ikatuchoma pua, macho yakatoka machozi. Ile nyama niliyoiona nyekundu sasa ilikuwa nyeupe kama chokaa, imekakamaa kama ngozi.

"Hiyo dawa inaiua," mama mwenye boma akasema. "Huyo wa mjini atasoma nini kwenye kitu kilichokufa?"

Wote wakanitazama. Ningesema tu sijui, niliambiwa nisifungue. Lakini mimi, kwenye habari ya nyama, niseme sijui? Nikaimwaga dawa nyuma ya zizi la ndama. Nikaomba mafuta ya kondoo, nikayayeyusha, nikayamimina juu ya kile kipande. Kikalia chwaa. Harufu ikawa nzuri. Mungu anisamehe, harufu ikawa nzuri.

Mjini nilikabidhi chupa, plasta nimeirudishia, nikaambiwa nirudi baada ya wiki. Niliporudi, mtaalamu wa maabara akaniita ndani. Alikuwa mpole. Akanikalisha mbele ya hadubini, akanionyesha kwanza kipande cha titi la mtu mwenye afya. Alisema titi ni tezi, na ndani yake kuna vijifereji vya maziwa, na kila kijifereji kimezungukwa na seli zilizojipanga. Nikaziona kwa macho yangu. Zilikaa mstari kama punje za mahindi kwenye gunzi, kila moja na kidoti chake cheusi.

"Seli hizi zikiugua zinaacha mstari," akasema. "Zinarundikana, halafu zinavunja ukuta na kutoka nje. Hicho ndicho tunachokitafuta. Sasa tazama ya mdogo wako."

Nikatazama. Hakuna mstari, hakuna punje. Ilikuwa kama uji ulioungua chini ya sufuria.

"Mama, hii nyama imepikwa. Nani aliipika?"

Nilisema, "Nesi ndiye aliyeifunga. Mimi nilibeba tu."

Akatikisa kichwa, akaandika barua. Niliibeba mwenyewe hiyo barua mpaka nyumbani, nikijua kilichomo, nikamkabidhi daktari kwa mikono miwili kwa adabu. Yule binti akafokewa mbele ya wagonjwa, akalia, akaapa kwamba alitia dawa. Nilikuwa nimesimama pale pale, mkono uliomwaga dawa nimeuficha ndani ya khanga. Akahamishiwa kufua mashuka.

Daktari akataka kukata kipande kingine. Mdogo wangu akakataa.

"Hapo hawanigusi tena," akasema. "Watu wanaopika nyama ya mtu? Dada, wewe ungekubali?"

Nikanyamaza wakati wa kupalilia, nikanyamaza mpaka mahindi yakakauka shambani. Uvimbe ukawa kama yai la kuku. Siku moja tunapukuchua, akainua mkono ukamshinda, akaucheka. Hapo nikamwambia yote, boma, mafuta, nesi.

Akaacha kupukuchua. "Ulinikaanga?"

"Nilikukaanga."

"Na chumvi?"

"Chumvi sikuweka."

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akanirushia gunzi usoni, kwa nguvu, na halikuwa la utani. Kesho yake akaenda kukatwa kipande kingine. Safari hii mtu mwingine alibeba chupa. Majibu yakasema seli zimeshavunja ukuta. Titi likaondolewa. Aliishi mavuno mawili.

Mjukuu wangu sasa anasomea seli hizo hizo chuo kikuu, na ninamtangaza kanisani mpaka watu wamechoka. Nilimwuliza kama miezi ile ndiyo iliyomuua mdogo wangu. Akasema, "Bibi, huwezi kujua." Ana moyo mzuri, lakini aliangalia pembeni aliposema.

Mdogo wangu niliungama kwake. Nesi, hapana. Miaka mingi baadaye nilikutana naye mnadani Endagikot, amenenepa, ameshika mkono wa mtoto. Alinitambua kabla sijamtambua. Akainama kidogo, akasema, "Shikamoo, mama. Poleni kwa ndugu yenu, nilisikia. Naamini dawa niliitia, lakini nimewaombea sana."

Maneno yalikuwa mdomoni kabisa. Nikasema, "Marahaba, mwanangu," nikapokea pole yake, nikaendelea kuchagua vitunguu.