Esnath na Kamera Iliyotoka Norwe

Dada yangu Esnath alipoteza usikivu akiwa na miaka minne, kule Matembwe, baada ya kuugua homa ya uti wa mgongo. Wakati huo hapakuwa na shule ya viziwi karibu, akakua akiongea nasi kwa ishara tulizojibunia nyumbani. Lugha ya alama yenyewe aliipata ukubwani, alipoajiriwa kushona sare kwenye shule ya watoto viziwi hapa Njombe. Watoto ndio waliomfundisha. Mumewe alifariki mapema, akamwachia binti mmoja, Ema. Ema anasikia vizuri, ila aliongea kwa mikono kabla hajatamka neno.

Mwaka 2005 Ema alipata nafasi ya kusomea uuguzi Norwe kupitia kanisa. Kila Jumapili alipiga simu yangu ya mezani. Mimi nilisikiliza, kisha nikamgeukia mama yake. Nilikuwa mwalimu miaka thelathini, lakini alama nilizozijua zilikuwa chache. Maongezi ya dakika kumi niliyafanya kuwa maneno matatu: mzima, anasoma, anakusalimu.

Esnath alinitazama usoni, kisha mikono yake ikauliza, "Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu," nilimjibu.

Mwezi wa pili mwaka uliofuata mgeni wa kanisa alituletea kifurushi. Ndani mlikuwa na kamera ya kompyuta, ndogo kama yai, na barua fupi: "Mjomba Manase, hii ni kwa ajili ya mama. Nataka kuiona mikono yake."

Kompyuta nilikuwa nayo sebuleni, imeunganishwa kwenye waya wa simu. Nikaichomeka kamera kwa furaha. Kompyuta ikaandika kwamba kifaa hakitambuliki. Nikaweka CD iliyokuja nayo, ikagoma. Kijitabu cha maelezo kilikuwa cha Kinorwe. Nilichomoa, nikachomeka, nikazima, nikawasha, siku tatu mfululizo. Esnath alipitia kwangu kila alipotoka kazini, akakaa mbele ya kioo kitupu, akasubiri kidogo, akaenda zake.

Mwishowe nikampigia Abdulaziz, fundi aliyeniuzia ile kompyuta. Ni mtu wa Kigoma, alikuwa na duka la redio na kompyuta za mitumba pale Makambako.

"Mwalimu, uliichomeka kabla ya kuweka CD?"

"Ndiyo."

"Basi kompyuta imeisajili vibaya. Na hiyo CD ni ya mashine za siku hizi, yako ni ya zamani. Usiiguse tena. Jumamosi nakuja."

Jumamosi alishuka kwenye basi saa nne asubuhi. Alipomwona dada yangu alisema, "Shikamoo, mama," akakumbuka kuwa hasikii, akanigeukia. "Hiyo kwa mikono inakuwaje?" Nikamwonyesha. Akairudia kwa Esnath mpaka akaipatia.

Kwanza aliifuta kamera kwenye orodha ya vifaa, akaizima kompyuta na kuiwasha upya. Kisha akaweka diski aliyokuja nayo, yenye programu ya kuitambulisha kamera kwa mashine za zamani. Aliponiona nashika waya akanizuia. "Ngoja ikuambie yenyewe." Ilipoomba kamera, aliichomeka tundu la nyuma, kwa sababu yale ya mbele, alisema, umeme wake ni mdogo.

Taa ya kamera ikawaka kijani. Kwenye kioo akatokea mtu mweusi tii asiye na sura. Alikuwa Esnath, ameketi akiwa ameligeuzia dirisha mgongo. Abdulaziz akaigeuza meza, mwanga ukamwangukia usoni, na dada yangu akajiona. Akagusa kitambaa chake cha kichwa, akakiweka sawa.

Saa nane, muda tuliopatana naye kwa simu, tukampata Ema kwenye mtandao. Picha ilikuja kwa kukwama, vidole vikavurugika kama vimo ndani ya maji. Esnath akatikisa kichwa.

"Laini ya simu ni nyembamba," Abdulaziz alisema. "Tuifanye picha iwe ndogo, tuizime na sauti. Hawa hawaihitaji."

Picha ikawa ndogo kama kiberiti, lakini mikono ikaanza kutembea. Esnath akaelewa mwenyewe kwamba afanye polepole, kila alama aishikilie kidogo. Waliongea karibu saa nzima. Sikuwahi kumwona dada yangu akiongea mengi hivyo na mtu aliye mbali.

Katikati Ema alishika ubavu wake wa kulia, akaeleza jambo refu. Niliijua habari hiyo. Mwezi wa kwanza alipasuliwa kidole tumbo, akaniomba nisimwambie mama yake. Esnath alimwuliza maswali mengi, akataka kuliona kovu, akaonyeshwa. Ndipo akanigeukia.

"Ulijua?"

"Nilijua."

Alinipiga begani, si kwa mchezo. "Nilikuona usoni," mikono yake ilisema. "Wiki sita nilidhani anakufa na unanificha." Kisha akalia, na mimi sikuwa na alama za kutosha kumwomba radhi. Nilimshika tu mkono. Abdulaziz alitoka nje, akajifanya anautazama waya wa simu.

Esnath alipotulia alimfuata kibarazani. Alimshukuru kwa alama, mkono ukitoka kidevuni kwenda kwake, mara nyingi, bila kuniangalia mimi nitafsiri. Fundi akaurudisha mkono vilevile.

Toka siku hiyo kila Jumamosi saa nane kiti kilikuwa cha Esnath, nami nikaenda jikoni kuchemsha chai. Alianza pia kunifundisha alama, tano kila wiki, na nikikosea ananirudisha mwanzo kama nilivyokuwa nikiwarudisha wanafunzi wangu.