Mazishi ya Mama Mdogo Sebuleni Kwetu

Harufu ya makava ya DVD za maktaba, ile plastiki iliyoshikwa na mikono ya watu wengi, bado hunirudisha Linden, mjini Columbus, kwenye sebule yetu yenye kochi moja. Nilikuwa na miaka kumi. Kila Jumamosi, siku ambayo mama hakwenda kufunga maboksi ghalani, tulikwenda maktaba kuazima sinema za Uingereza. Za Marekani hakuzitaka. Marekani, alisema, anaiona dirishani.

Sababu ilikuwa mdogo wake, mama mdogo Konsolata. Walikulia pamoja katika kambi ya wakimbizi Tanzania, wakilalia mkeka mmoja, mpaka orodha za safari zilipotoka. Sisi tukapewa Marekani, yeye na mwanawe wakapewa Uingereza. Mama alitaka kuona alikopelekwa.

Kiingereza hakukijua, lakini nchi ile aliijua kwa masikio. Akiwa jikoni anasonga ugali, aliweza kuniambia sinema yoyote ya kwenye televisheni ni ya wapi kabla mtu hajafungua kinywa.

"Za hapa zinaanza na gari," alisema. "Za kwa mdogo wangu zinaanza na ndege, au kengele."

Kisha alikuja na mwiko mkononi, akasimama kutazama majani mabichi yasiyo na mwisho, ukungu, kuta za mawe, jumba lenye madirisha mengi kuliko shule yangu, na watu wanaoomba radhi hata wanapokanyagwa wao. Aliamini mdogo wake anaishi mle. Mimi ndiye niliyekuwa mfasiri. Maneno yaliponishinda niliongeza ya kwangu, na siku zote niliongeza mazuri.

Mama mdogo akipiga simu, mama alimuuliza, "Kengele unazisikia?"

"Nazisikia, dada," alijibu, na nyuma yake tulisikia king'ora, mlango ukibamizwa, watu wakigombana kwenye ngazi. Halafu alikohoa, akakohoa tena. "Ni huu ukungu," alisema.

Haukuwa ukungu. Asubuhi moja ya Machi mwanawe alitupigia akilia kwamba mama yake amefia hospitalini. Mama aliomba ruhusa kazini, akazunguka kutafuta njia ya kwenda. Kila alikouliza jibu lilikuwa moja: hati za kusafiria hatukuwa nazo bado, na mazishi yasingeweza kungoja.

Siku yenyewe alivaa kitenge chake cheusi, akafunga kitambaa kichwani, akaniambia, "Weka ile yenye kaburi."

Niliijua. Kijiji kizima kinamzika mwalimu wao: mvua nyembamba, miavuli myeusi, kengele inapigwa polepole, watoto wanaimba kwa sauti za juu kama filimbi. Mama alisimama mbele ya televisheni, mikono ameifumbata. Mchungaji akaanza kusoma.

"Anasemaje?"

Kilikuwa Kiingereza cha zamani, sikuambulia hata neno. "Anasema Konsolata alikuwa mtu mwema," nilisema. "Anasema ana dada yake Marekani, na dada yake anampenda."

Mama aliitikia kwa kichwa. Aliinama, akachota udongo usiokuwepo kwenye zulia, akautupa. Jeneza lilipokwisha kushuka na picha ikahamia kwingine, alinigusa bega.

"Rudisha nyuma kidogo. Sijamaliza kumuaga."

Nilirudisha mara nne.

Baada ya wiki mwana wa mama mdogo alitutumia video ya mazishi. Jua lilikuwa kali. Wanawake wa vitenge waliimba Kirundi, mabasi yakipita nyuma ya ukuta wa makaburi. Mama alitazama kidogo tu, akanirudishia simu.

"Hapo si Uingereza," alisema, akaenda kuosha vyombo.

Nilicheka, Mungu anisamehe, na Jumatatu niliwasimulia wenzangu shuleni kama kichekesho. Nilidhani mama amedanganyika kwa sinema. Leo naamini alijua siku nyingi kwamba mdogo wake hakuwahi kuishi mle. Ila alikuwa ameshamzika, kwa heshima zote alizoweza kuzipata, na hakuwa na nguvu za kumzika mara ya pili.