Santuri Iliyokuja Bila Barua

"Shilingi mbili mtu asikilize santuri yake mwenyewe? Ndugu, huu ni unyonyaji!" nilimfokea fundi redio wa mtaa wa Ng'ambo. Mama mmoja wa Usoke, mwenye santuri, niliyemsindikiza, akanituliza kwa mkono, akalipa. Mwanawe anayesoma Ulaya alimtumia santuri hiyo ya magitaa bila barua, na mama alitaka kusikia humo hali yake.

Wimbo wa kwanza ulipolia, alishika kichwa. "Mungu wangu, wanagombana!" Wa pili ukamchekesha: "Huyu anafukuza nyani shambani." Wa tatu ulikwenda polepole, ngoma ikidunda kama hatua. Mama akaanza kuufuata kwa kichwa.

"Huu ni mwendo wa wapagazi," alisema. "Babu alituimbia hivi, wimbo wa kurudi kutoka pwani. Mwanangu amechoka, lakini anarudi."

Fundi akafungua kinywa: "Mama, hawa Wazungu wanaoimba hawamjui mwanao..." Nikamkanyaga mguu. Wasomaji mnajua ninavyopenda kweli, ila hiyo ya fundi ingeweza kungoja.

Nyimbo zikaisha. Fundi akainua sindano, akafunga gramafoni.

"Tayari, mama."

"Tayari nini, baba? Upande wa pili bado. Geuza."