Uvimbe wa Shingoni na Jani la Isale

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu, kule Kibosho, shingo yangu iligeuka mali ya ukoo mzima. Kila aliyepita nyumbani aliibonyeza. Nikimwamkia mtu shikamoo, anaitikia marahaba huku vidole vimeshafika nyuma ya sikio langu. Palikuwa na vinundu hapo, na kingine chini ya taya, kikubwa kama harage lililoiva. Viliuma vikiguswa, na kwa kuwa viliguswa kutwa, viliuma kutwa.

Miaka ile ya tisini, mtu akivimba tezi watu walishusha sauti. Walitaja kifua kikuu, na ule ugonjwa mwingine waliuzungumzia bila kuutaja. Mama alinikanda kwa maji ya moto yenye chumvi. Bibi, mama yake baba, hakuhangaika na maji. Alikuwa jikoni anamenya ndizi za mtori, akasema bila hata kuinua macho:

"Mtoto huyu analipishwa masale ya baba yake."

Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, na baba alikuwa ameng'oa mibuni ya upande wa chini wa kihamba chetu, shamba la urithi linalozunguka nyumba, ili apande nyanya za kuuza sokoni Moshi. Kati yetu na kihamba cha baba mdogo, ndugu yake wa tumbo moja, palikuwa na masale, ile mimea ya majani marefu ambayo kwetu Wachagga ndiyo alama ya mpaka, na jani lake ndilo la kuombea msamaha. Baba aliyang'oa pamoja na mibuni. Aliyarudishia, ndiyo, lakini ndani kidogo ya upande wa mdogo wake. Baba mdogo akaona, wakarushiana maneno, wakaacha kusalimiana. Mimi nikakatazwa kucheza na binti yake, Anjela, ambaye shuleni tuliketi dawati moja.

"Chukua isale uende kwa mdogo wako," bibi alimwambia baba jioni ile. "Ukichelewa, utamzika huyu."

Nilikuwa nimekaa palepale, kwa hiyo nilisikia. Nikaelewa kwamba nitakufa, na kwamba dawa yangu ni baba kutembea mpaka nyumba ya jirani. Sikuelewa kwa nini bado ameketi. Nilimchukia kidogo, nasema kweli.

"Mama, mimi simwangukii yule," baba alijibu. "Kesho nampeleka mtoto hospitali."

Daktari aliyetupokea hakuwa na haraka. Alinipapasa shingo, kwapa na kinena, akauliza kama nakohoa, kama nakonda, kama natokwa na jasho jingi usiku. Kisha akaniambia niiname, akachambua nywele zangu.

"Na hivi vidonda vya kichwani?"

"Mapunye tu hayo, daktari," baba alisema. "Watoto wote pale nyumbani wanayo."

"Mnawanyoa kwa wembe mmoja?"

Sote tulinyolewa kwa wembe mmoja, foleni moja, uani, na vichwa vikiwaka moto baadaye tulipakwa mafuta ya taa. Wiki nzima ukoo ulikuwa umeikodolea macho shingo yangu, na hakuna aliyetazama juu yake.

Daktari alieleza polepole. Tezi za shingoni hupambana na vijidudu vinavyotoka kichwani, kooni na kwenye meno, na zikipambana huvimba. Zangu zilikuwa laini, zinateleza chini ya kidole, tena zinauma, na mara nyingi tezi za namna hiyo hazina ubaya. Tutibu kichwa, shingo itafuata. Zisipopungua kwa wiki chache, nirudishwe wakate kipande wakapime.

Tukaondoka na vidonge na dawa ya kupaka, lakini baba alibaki na neno moja tu, kipande. Kila asubuhi alinigusa shingo kabla hajagusa chai. Mwanzoni vinundu havikupungua. Jumapili moja, tukitoka misani, alikata jani la isale, akalifunga fundo, akanishika mkono tukaenda kwa baba mdogo. Alimnyooshea kwa mikono miwili.

"Nisamehe, mdogo wangu. Mtoto asilipe ya kwangu."

Isale kwetu halikataliwi. Baba mdogo alilipokea, akaniangalia shingo.

"Aisee kaka," alisema, "umechelewa sana kuja."

Wakaketi kunywa mbege, pombe yetu ya ndizi. Anjela alinivuta nyuma ya nyumba, akaomba aguse vinundu. Nilimruhusu, na ndiye mtu pekee ambaye kidole chake hakikuniudhi.

Vidonda vilikauka, na vinundu vikanywea taratibu mpaka vikaisha. Masale yakarudishwa mahali pake. Kila Krismasi kisa changu kilisimuliwa kwenye mbege, na kila mwaka kilipungua kitu. Kwanza vilitoka vidonge, kisha mapunye, mwisho daktari mwenyewe. Likabaki jani. Hakuna aliyelalamika, maana ndugu wawili walikuwa wanakula pamoja.

Miaka ikapita, bibi akafariki. Anjela alikuwa fundi cherehani Majengo, mjini Moshi, alipoota uvimbe juu ya mfupa wa bega. Ulikuwa mgumu, hauchezi, hauumi. Alikonda na kulowa jasho usiku, na kwa kuwa hauumi, hakuna aliyeshtuka. Alipozidi kudhoofika, baba mdogo alianza kukumbuka aliowakosea. Alizunguka na isale nyumba hadi nyumba, mpaka kwa watu wa Kahe, kule tambarare, aliowahi kugombana nao juu ya maji ya mfereji. Wote walimsamehe. Hospitali walipokata kipande, ilikuwa saratani ya tezi, nayo ilikuwa imeshasambaa.

Siku ya mazishi ya Anjela, baba mdogo alikuja akaketi karibu nami.

"Lakini kwako isale lilifanya kazi," alisema.

Hakuwa akinilaumu, alikuwa anauliza. Nikamweleza habari ya vidonda vya kichwani, vidonge, na daktari aliyeniambia niinamishe kichwa. Alisikiliza mpaka mwisho.

Siku hizi mtoto wa ukoo wetu akivimba shingo, anapelekwa hospitali kwanza, isale linafuata baadaye. Utaratibu huo aliuweka baba mdogo, na hakuna anayemwuliza sababu.