Kichupa cha Mama Welmince

Mpimaji wa maabara yetu hapa kisiwani Rote hugusa kila kichupa cha mkojo kwa mgongo wa mkono, kama anayempima mtoto homa, kisha hutazama saa na kukirudisha kwenye friji. Jana umeme ulikatika, naye alisahau kuagiza barafu. Kichupa cha Mama Welmince, mjamzito aliyevimba miguu, kikawa vuguvugu, na mkojo uliopata joto hautoi majibu ya kuaminika.

“Pima tu, dada. Nani atajua?” nikamwambia.

Akaumwaga mkojo ule, akamfuata mgonjwa kwenye benchi.

“Mama, nimeuharibu mkojo wako. Kosa ni langu. Naomba mwingine.”

“Basi niletee maji kwanza, mwanangu.”

Mkojo mpya aliupima papo hapo. Ulijaa protini, dalili ya hatari ya kifafa cha mimba. Akaita gari la wagonjwa, akapanda naye.